Markizi wa Comillas na Deni la Zakayo

Tarehe 4 Machi 2018, katikati ya jiji la Barcelona, winchi ilimshusha markizi kutoka juu ya nguzo yake. Watu walikuwa wamekusanyika kama wanaokwenda sherehe, wengine na watoto mabegani. Aliyeshushwa alikuwa sanamu ya jiwe ya Antonio López y López, Markizi wa kwanza wa Comillas. Haikuwa mara yake ya kwanza kushuka. Sanamu ya awali ilisimamishwa mwaka 1884, mwaka mmoja baada ya kifo chake, ikaangushwa mwaka 1936 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza Hispania, na utawala wa Jenerali Franco ukasimamisha nyingine mwaka 1944. Safari hii halmashauri ya jiji ilitoa sababu iliyo wazi: mtu huyu alifanya biashara ya watumwa.

Kwa baadhi yetu tuliopita katika vyuo vya Kanisa, jina Comillas lina sauti nyingine kabisa. Ni jina la Chuo Kikuu cha Kipapa kinachoongozwa na Wajesuiti mjini Madrid, na chuo hicho kilianza kama seminari ya vijana maskini, iliyojengwa kwa fedha za markizi huyu. Mtu yule yule, basi, anakumbukwa na wengine kwa minyororo na wengine kwa kikalio cha kanisa la seminari. Nimefundisha historia ya Kanisa kwa miaka kadhaa, na sijapata mfano mwingine unaonisumbua kama huu.

Tuanze na mtoto wa Comillas. Ni mji mdogo wa pwani ya kaskazini ya Hispania, katika nchi ya Cantabria. Antonio alizaliwa hapo mwaka 1817 katika familia maskini. Vijana wa pwani ile walikuwa na njia moja ya kuukimbia umaskini, nayo ni bahari. Alivuka kwenda Cuba, koloni la Hispania, akaanza chini kabisa kama wenzake wote, na katika miaka ya 1840 alikuwa na duka na kampuni mjini Santiago de Cuba. Mwaka 1848 alimwoa Luisa Bru, binti wa mfanyabiashara Mkatalani aliyekuwa na mali. Mwenye kipaji cha biashara akipata mtaji wa mkwe, mengine hujipanga yenyewe.

Lakini Santiago de Cuba ya miaka hiyo iliuza nini? Sukari, kahawa, nguo, unga, na watu. Mwaka ule ule aliozaliwa López, Hispania ilitia sahihi mkataba na Uingereza wa kukomesha biashara ya kuvusha watumwa kutoka Afrika. Mkataba ulibaki karatasi. Meli ziliendelea kushusha watu usiku kwenye vighuba vya Cuba kwa zaidi ya miaka arobaini, na utumwa wenyewe ulifutwa kisiwani humo mwaka 1886 tu. Miongoni mwa walioshushwa walikuwamo hata watu wa upande wetu wa bahari, Wamakua wa Msumbiji, walioandikwa Cuba kwa jina la “macuá”. Wasomaji wetu wa Masasi na Tunduru wanajua ni ndugu za nani hao.

Mwaka 1885 Francisco Bru, shemeji yake López, alichapisha kitabu cha kumshutumu marehemu kwamba utajiri wake ulitoka katika kununua na kuuza watu. Kilikuwa kitabu cha mtu mwenye kinyongo cha familia, na watetezi wa markizi wamekitupa kapuni kwa sababu hiyo. Hata hivyo wanahistoria waliofungua vitabu vya wathibitishaji wa mikataba wa Santiago wamekuta humo hati za kununua na kuuza watumwa zenye jina la López na kampuni yake. Kinyongo cha shemeji hakikuandika hati hizo.

Na mtu asiseme kwamba nyakati zile hapakuwa na aliyejua ubaya wake. Papa Gregori wa XVI aliilaani biashara ya watumwa mwaka 1839, katika barua ya kitume iliyowakataza Wakristo wote, mapadre na walei, kuishiriki au kuitetea. López alikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili.

Alirudi Hispania katika miaka ya 1850 akiwa tajiri, akakaa Barcelona. Waliorudi kutoka Marekani na fedha waliitwa kwa jina la utani, “indianos”, jina lenye heshima kidogo na kejeli nyingi. Alianzisha kampuni ya meli za mvuke. Mwaka 1861 serikali ilimpa mkataba wa kupeleka barua Cuba na Puerto Rico, na mkataba wa serikali, kama tunavyojua huku kwetu pia, ni shamba lisilotegemea mvua. Wacuba walipoinuka kudai uhuru mwaka 1868, vita vilidumu miaka kumi, na askari wa kwenda huko walisafiri kwa meli za López. Mwaka 1876 akawa mstari wa mbele kuanzisha Banco Hispano Colonial, benki iliyoikopesha serikali fedha za kumalizia vita hivyo kwa dhamana ya ushuru wa forodha wa Cuba. Kwa hiyo koloni lililipa gharama za kutiishwa kwake, na mwenye meli alilipwa mara ya kwanza kwa nauli na mara ya pili kwa riba.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1878, Mfalme Alfonso wa XII alimfanya Markizi wa Comillas. Mwaka 1881 akamwongezea hadhi ya Grande wa Hispania, ngazi ya juu kabisa ya makabaila, ya wale waliohesabiwa kuwa karibu na kiti cha mfalme.

Hapa inafaa kusimama kidogo. Sisi tuliosoma siasa shuleni Tanzania tulizoea kuyataja mabepari, makabaila na mabwanyenye kwa pumzi moja, kana kwamba ni jamaa wa nyumba moja. Katika Ulaya ya kale hawakuwa wa nyumba moja hata kidogo. Kabaila aliishi kwa ardhi, damu na upanga. Bwanyenye aliishi kwa mizani na daftari, na kabaila alimdharau. Nchini Hispania dharau hiyo ilikuwa kali kiasi kwamba mwaka 1783 Mfalme Carlos wa III alilazimika kutoa amri kwamba kazi ya mtengeneza ngozi, mhunzi, fundi cherehani, mshona viatu na seremala ni kazi za heshima na hazimwondolei mtu uungwana wake. Amri ya kutangaza kwamba useremala si aibu, katika nchi iliyomwadhimisha Mtakatifu Yosefu kila mwezi wa Machi! Huwa nawaachia wanafunzi wacheke, kisha tunaendelea.

Karne ya 19 ikageuza meza. Mapinduzi na sheria mpya viliwaondolea makabaila mamlaka yao ya kimahakama juu ya vijiji, na vikavunja utaratibu wa kale uliozuia mashamba ya ukoo yasiuzwe wala kugawanywa. Kilichobaki mikononi mwao kilikuwa jina. Na jina lina tabia moja nzuri kwa mfalme: halimgharimu kitu kulitoa. Alfonso alitua Barcelona Januari 1875 akiwa kijana wa miaka kumi na saba, akitoka uhamishoni. Mama yake, Malkia Isabel, alikuwa amepinduliwa mwaka 1868, na katika miaka sita iliyofuata nchi ilijaribu mfalme mgeni kutoka Italia, kisha jamhuri, vyote vikashindikana. Kiti kilihitaji watu wenye fedha wa kukishikilia, na wenye fedha walihitaji kitu ambacho fedha zao hazikuwa nacho, yaani kusahauliwa zilikotoka. Penye uzia penyeza rupia, ndivyo walivyosema wazee wa pwani, na uzia wenyewe ulikuwa umeachwa wazi makusudi na pande zote mbili.

López hakuwa peke yake. Julián de Zulueta, mmoja wa wavushaji wakubwa wa watumwa kuingia Cuba, alifanywa Markizi wa Álava mwaka 1875. Mwaka huo huo Juan Manuel de Manzanedo, mwana mwingine wa Cantabria aliyetajirikia Cuba, alipanda kutoka Markizi wa Manzanedo hadi Duke wa Santoña. Katiba ya mwaka 1876 ilimpa kila Grande wa Hispania mwenye pato la peseta 60,000 kwa mwaka kiti katika Seneti bila kupigiwa kura. Mtu alianza na duka Santiago, akaishia kutunga sheria Madrid, na mjukuu wake akazaliwa kabaila.

Naomba nisieleweke vibaya. Sina huzuni juu ya makabaila wa kale walioingiliwa. Babu zao nao walipata ardhi kwa upanga, na upanga si mtakatifu kuliko daftari. Wala kupanda ngazi si dhambi. Mtoto wa maskini akiwa tajiri kwa jasho lake, Kanisa linashangilia. Hata kwenye miji ya Mrima mtu mwenye mali aliweza kuupanda uungwana kwa kulipa ada na kulisha mji karamu. Ninachouliza kuhusu Comillas ni nani aliyeishika ngazi, na kwa nini.

Mfalme aliishika, tumeona. Majira ya joto ya mwaka 1881, na tena 1882, Alfonso na familia yake walikwenda kupumzika Comillas wakiwa wageni wa markizi, na wenyeji hujivunia hadi leo kwamba taa za umeme ziliwaka katika mitaa yao kwa ajili ya ujio huo kabla ya miji mingi mikubwa. Ndoa nazo ziliishika ngazi: binti yake Isabel aliolewa mwaka 1871 na Eusebi Güell, mwana wa tajiri mwingine wa Cuba, na Güell naye alifanywa konti mwaka 1908. Huyu ndiye aliyemlipa Antoni Gaudí ajenge jumba na bustani ambazo watalii hupanga foleni kuziona. Gaudí ndiye msanifu wa kanisa la Familia Takatifu, ambaye Papa Fransisko alimtambua kuwa Mheshimiwa Aprili 2025. Mfereji wa fedha za Cuba ulifika mbali.

Mshikaji wa tatu wa ngazi alivaa kanzu. Padre Jacint Verdaguer alikuwa mtoto wa familia ya wakulima wa kijiji cha Folgueroles, Katalonia. Alipewa daraja takatifu ya upadre mwaka 1870. Afya yake ilikuwa dhaifu, akashauriwa hewa ya bahari, na mwaka 1874 akawa padre wa melini katika kampuni ya López, akienda na kurudi Havana kwa takriban miaka miwili. Alikuwa pia mshairi, na katika safari hizo alikamilisha utenzi wake mkubwa L’Atlàntida, uliopata tuzo mwaka 1877 na kumfanya mshairi wa kwanza wa taifa lake. Aliutabaruku kwa mwenye meli. Akahamia katika jumba la López mjini Barcelona, Palau Moja, ambalo mwenyewe alikuwa amelinunua kutoka kwa ukoo wa kale wa wamarkizi. Humo alisoma Misa katika kanisa dogo la nyumba, na akapewa kazi ya kugawa sadaka za familia kwa maskini.

Ukiitazama kwa macho ya kawaida, hii ilikuwa kazi njema. Padre mnyenyekevu, familia yenye ibada, maskini wanaosaidiwa mlangoni. Lakini hebu fikiria jumba hilo lilikuwa na nini mwaka 1878: jina la kabaila wa kale ukutani, cheo kipya kutoka kwa mfalme, mshairi bora wa nchi mezani, na Sakramenti Takatifu katika chumba cha pili. Nani angethubutu tena kuuliza habari za Santiago?

Antonio López alifariki Januari 1883. Mwanawe Claudio, markizi wa pili, alimbakiza Verdaguer katika kazi yake. Kisha mwaka 1886 padre huyo alihiji Nchi Takatifu na akarudi mtu mwingine. Aliona haya juu ya maisha yake ya jumbani. Alianza kugawa sadaka bila kipimo. Foleni ya maskini mlangoni ikazidi kurefuka, na aliposhindwa na fedha za markizi alikopa kwa jina lake mwenyewe. Alijiingiza pia katika mikutano ya kupunga pepo isiyo na idhini ya kutosha, na hapo siwezi kumtetea. Mwaka 1893 markizi hakumtaka tena. Askofu Morgades wa Vic alimwondoa Barcelona na kumweka kwenye patakatifu pa La Gleva, mbali na mji, kwa maelezo kwamba anahitaji mapumziko. Verdaguer akatoroka kurudi mjini mwaka 1895, akaandika magazetini makala za kujitetea, akasimamishwa huduma za kipadre. Alirudishiwa Misa yake mwaka 1898 baada ya kunyenyekea, na alipofariki Juni 1902 umati uliomsindikiza ulijaza mitaa ya Barcelona.

Wengi wamekwisha kuandika juu ya akili ya Verdaguer, kama alikuwa mgonjwa au nabii. Mimi naona jambo dogo zaidi. Alipokuwa mgawaji wa sadaka kwa kiasi, alikuwa pambo la nyumba. Alipogawa hadi ikaonekana kwamba maskini hao ni wengi mno kwa mfuko wa sadaka, alikuwa aibu ya nyumba. Na uongozi wa Kanisa ulipolazimika kuchagua, ulijua haraka nani ni mfadhili na nani ni padre tu.

Sasa tufike seminarini. López mzee, kabla hajafa, aliahidi fedha za kujenga chuo cha vijana maskini wenye wito, huko huko Comillas, chini ya ulezi wa Mtakatifu Antoni wa Padua, msimamizi wake. Mjesuiti mmoja mwenye bidii ndiye aliyemshawishi. Claudio alitimiza ahadi ya baba yake na kupita. Jengo lilijengwa juu ya kilima kinachotazama bahari, na wasanifu wakubwa wa Katalonia walilichora na kulipamba. Papa Leo wa XIII aliiweka seminari chini ya Kiti Kitakatifu mwaka 1890, wanafunzi wakaingia mwaka 1892, na Papa Pio wa X akaipa mwaka 1904 mamlaka ya kutoa shahada. Wana wa wakulima wasio na senti walisoma hapo bure, wakatoka mapadre wenye elimu, na baadhi wakawa maaskofu.

Hii ndiyo sababu siwezi kuandika makala nyepesi. Ningekuwa kijana wa Cantabria mwenye wito na baba asiye na ng’ombe, ningepanda kilima kile bila kuuliza jiwe limelipwa na nani. Na wanaosema Kanisa lilipaswa kuikataa fedha hiyo wanisaidie: ingerudi kwa nani? Ingebaki benki. Mtakatifu Ambrosi aliyeyusha vyombo vya altare awakomboe mateka. Fedha inaweza kugeuzwa njia, na ni heri ikigeuzwa kuelekea kwa maskini.

Lakini Injili inatupa kipimo, nacho ni Zakayo. Alikuwa mfanyabiashara wa kodi, tajiri, mfupi, aliyepanda mti ili amwone Bwana. Aliposhuka alitamka mambo mawili, na sisi katika mahubiri huunganisha yakawa moja. La kwanza: nusu ya mali kwa maskini. Hiyo ni sadaka. La pili: kila aliyemdhulumu atamrudishia mara nne. Hiyo ni fidia, na fidia ina anwani. Haiendi kwa maskini yeyote aliye karibu. Inakwenda kwa yule yule aliyeumizwa, au kwa nyumba yake. Mtakatifu Thoma wa Akwino anaifundisha bayana: kurudisha kilichochukuliwa isivyo haki ni tendo la haki, si la huruma, na mtu hawezi kulibadilisha kwa ukarimu wa namna nyingine pale inapowezekana kurudisha.

Cheo cha umarkizi hakikumdai López jambo la pili. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya cheo: kumpandisha mtu juu ya mti na kumwacha huko huko, na kumwambia kwamba hapo ndipo Bwana anapokaa. Inaniuma kukiri kwamba heshima tuliyompa sisi, ya kanisa la nyumbani, utenzi na seminari, nayo ilitosheka na la kwanza. Tulipokea nusu ya mali. Hakuna katika heshima hizo iliyomwuliza habari za mara nne. Na ile seminari iliwekwa chini ya Kiti Kitakatifu miaka miwili tu baada ya Papa huyo huyo, Leo wa XIII, kuwaandikia maaskofu wa Brazil mwaka 1888 waraka wa kushangilia kukomeshwa kwa utumwa, na kumtia nguvu Kardinali Lavigerie azunguke Ulaya akihubiri dhidi ya biashara ya watumwa barani Afrika. Bagamoyo, mapadre wa Roho Mtakatifu walikuwa wamekwisha kuwapokea watoto waliokombolewa tangu mwaka 1868. Kanisa lilijua utumwa ni nini. Lilijua vizuri zaidi ulipofanywa na Waarabu Tabora kuliko ulipofanywa na Wakatoliki Santiago.

Claudio anatatiza hoja yangu, na nashukuru kwamba anaitatiza. Alikuwa mtu wa sala kweli kweli, hakuwa na mtoto, na aliishi bila anasa kwa mtu wa hadhi yake. Papa Leo alipotoa waraka wa Rerum Novarum mwaka 1891, wenye viwanda wengi Wakatoliki waliusoma na kuufungia kabatini. Claudio aliufuata kwa namna yake. Aliwapeleka Roma maelfu ya wafanyakazi katika hija ya mwaka 1894. Katika machimbo yake ya makaa ya mawe huko Asturias alijenga kijiji cha Bustiello, chenye nyumba nzuri, kanisa, shule na hospitali. Alipofariki mwaka 1925 walikuwapo wengi waliomwita mtakatifu, na mchakato wa kumtangaza Mwenyeheri ulifunguliwa baadaye.

Hata hivyo, Cuba ilipoinuka tena mwaka 1895, meli zilizovusha askari zilikuwa zake. Vijana wa Hispania walioitwa jeshini waliweza kujikomboa kwa kulipa peseta 2,000 wasiende ng’ambo. Mwenye kuweza alilipa, asiyeweza alipanda meli. Walivushwa karibu laki mbili, na homa ya manjano iliwaua wengi kuliko risasi. Kila kichwa kilikuwa nauli. Kijiji cha Bustiello chenyewe kilikuwa na nyumba kwa mchimbaji mwenye mwenendo uliompendeza mwajiri, na mwajiri ndiye aliyeamua mwenendo upi. Claudio aliwapenda wafanyakazi wake kama baba anavyowapenda watoto wadogo, na Rerum Novarum ilikuwa imesema kwamba mshahara wa haki ni deni. Baba hamlipi mtoto deni. Namwona Claudio kama mtu mwema aliyerithi kiti kirefu mno, na kutoka juu ya kiti hicho sadaka ilikuwa rahisi kuifikia kuliko haki.

Nimeandika haya katika jarida la seminari kwa sababu wanafunzi wetu wataishi kwa fedha za watu. Paa la kigango litatoka kwa mtu, gari la parokia litatoka kwa mtu, na mara nyingi mtu huyo atapenda kiti cha mbele, kipaza sauti baada ya komunyo, na jina lake kwenye marumaru. Huku kwetu hakuna umarkizi. Lakini tunacho kiti cha mbele, na Mtakatifu Yakobo katika barua yake alikwisha kutuonya juu ya mwenye pete ya dhahabu anayeoneshwa mahali pazuri huku maskini akiambiwa asimame kule. Mkono mtupu haulambwi, husemwa kwa utani kwenye kamati za harambee, na utani huo nimeusikia ukisemwa na mapadre.

Mapendekezo yangu ni ya kawaida sana, ya ofisini. Fedha ipokelewe na kamati, si na padre peke yake chumbani, na iandikwe. Penye uvumi mzito juu ya ilikotoka, gombera au paroko aulize kabla ya kupokea, kwa adabu, na mtoaji awe huru kujibu. Ikijulikana ni mali ya mtu fulani aliyedhulumiwa, basi mtoaji aelekezwe kwa mtu huyo kwanza. Shukrani itolewe kwa barua, na Misa isomwe kwa nia ya wafadhili wote bila kutaja majina kwa mpangilio wa kiasi. Marumaru yaandikwe jina la mtakatifu. Na katika mwaka wa tatu wa teolojia, pale tunapofundisha Mafundisho Jamii ya Kanisa, somo la fidia lipewe vipindi zaidi ya kimoja, maana kwa sasa tunalipita tukielekea sura inayofuata, na wanafunzi huja kulikuta kwenye kiti cha kitubio, mbele ya mtu aliye na duka, mizani isiyo sawa, na bahasha ya ujenzi wa kanisa mfukoni.